Maji Hayapangi Foleni

Jibu la Ansgar lilifika mchana, Jildou Hoekema akiwa na kipande cha mkate wa jibini mdomoni. Alilisoma, akatafuna, akameza, akalisoma tena ili awe na hakika kwamba ametukanwa kweli.

"Mabadiliko haya hatuyapokei," Ansgar alikuwa ameandika kutoka Hamburg, mbele ya macho ya dunia nzima, kwenye baraza la mtandaoni wanakokutana waandishi wa programu ya Reiger, ambayo yeye ndiye msimamizi wake. "Reiger ni maktaba ya kupeleka ujumbe kati ya kompyuta. Nasema kompyuta. Kitu chenye kumbukumbu isiyotosha hata picha moja ya simu si kompyuta, ni kitasa cha mlango. Wenye vitasa watafute kitu kingine."

Chini yake wenzake walikuwa wameshabandika vidole gumba vya kuunga mkono.

"Kitasa," Jildou alisema kwa sauti.

Sybren aliinua kichwa kutoka meza ya pili. Ndiye mwenye kampuni, ingawa kampuni yenyewe ilikuwa watu watano na mashine moja ya kahawa, ghorofani juu ya duka la baiskeli mjini Sneek, Uholanzi. "Amekubali?"

"Ameniita fundi vitasa."

"Basi, yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani?"

"Jildou, usianze."

Lakini alikuwa ameshaanza tangu majira ya kuchipua, na Sybren alilijua hilo vizuri. Katika visima vya pampu vya wakulima wa upande ule, kila kisima kilikuwa na kidude kidogo cha kijivu, sawa na kipande cha sabuni, kinachopima maji na kupeleka habari kwa redio. Sybren na watu wake ndio waliovifunga. Vidude vilikuwa vizima kabisa. Tatizo ni kwamba programu ya kuzungumza ilikuwa ya kampuni nyingine, na vilizungumza na seva ya kampuni hiyo tu. Sasa kampuni imefilisika, na seva itazimwa mwaka ukiisha. Siku hiyo vidude vyote vitakuwa mabubu, na wakulima ambao mashamba yao yako chini kuliko mfereji unaopita kando yake hawatajua maji yamefika wapi mpaka yawaingie kwenye viatu.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ililetwa na bwana mmoja mtanashati, Duco van Walsum, kutoka kampuni kubwa ya magharibi mwa nchi: ng'oa vidude vyote, tupa, weka masanduku yake meupe, ambayo yatazungumza na seva ya kampuni yake. Sybren aliipenda. Angelala usingizi.

Ya pili ilikuwa ya Jildou: viache vidude palepale, viandikie ulimi mpya. Na ulimi alikuwa ameshauchagua. Reiger ilikuwa programu iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, iliyo wazi kwa kila mtu, inayojua kazi ya kufikisha ujumbe kutoka mashine moja hadi nyingine bila kuupoteza njiani. Nusu ya viwanda vya Ulaya viliitumia. Kasoro yake moja tu: iliandikwa na watu ambao hawajawahi kukosa nafasi. Ilitaka kumbukumbu nyingi kuliko ambayo vidude kumi vingekuwa nayo kwa pamoja.

"Kuna sababu dunia nzima haifanyi hivyo," Sybren alisema.

"Sababu ni kwamba dunia nzima hununua mashine kubwa zaidi. Ni kama mtu anayehama nyumba kwa sababu kabati limejaa."

"Duco atashughulikia kila kitu."

"Na Duco akifilisika?"

"Kampuni kama ile haifilisiki."

"Ndivyo ulivyosema kuhusu ile ya kwanza. Ulisemea palepale ulipokaa." Jildou alifunga kisanduku chake cha chakula. "Sybren, ile kampuni ilipoondoka iliondoka na ulimi wetu mfukoni. Sasa unataka tuazime mwingine. Mimi siazimi. Kidude kiko kwenye mtaro wetu, kizungumze na sisi."

Sybren alisugua macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka humwona kila anayembebea mzigo kuwa mkombozi. "Wakulima wanakutana kwa Lolke wiki ijayo. Duco atakuja. Nawe njoo na kidude kimoja kinachofanya kazi. Wakikutaka wewe, sawa. Wasipokutaka, sitaki kusikia neno Reiger tena ofisini humu."

"Nimesikia."

"Hujanijibu."

"Nimesema nimesikia."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuparua. Jildou alikuwa na diploma ya chuo cha ufundi, watoto wawili, na mazoea ya kila kiangazi kupakia familia ya watu wanne na mbwa kwenye karavani ambayo kwa haki ingewatosha wawili. Aliifungua Reiger kwa mkono uleule. Hiki cha nini? Hakitumiki, nje. Hiki kinafanya kazi mbili, kibaki. Akatoa sehemu zilizoandika kumbukumbu za kila tukio ambazo hakuna mtu angezisoma. Akatoa ile desturi ya kufanya mambo manne kwa wakati mmoja. Kidude kilikuwa na kichwa kimoja, basi kifanye moja moja.

Donda kubwa lilikuwa kuomba. Reiger ya Ansgar, kila ilipopata ujumbe, iliiomba mashine nafasi ya kuuweka, kisha ikairudisha, kisha ikaomba tena, siku nzima, kama mtoto na friji. Kwenye kompyuta hakuna anayejali. Kwenye kidude, siku moja utaomba na nafasi haipo, na hapo kinakufa kimya ndani ya kisima. Jildou alikata maombi yote. Akatenga vitanda kumi na viwili tangu kidude kinapowashwa: kila ujumbe na kitanda chake, hakuna wa kumi na tatu, hakuna wa kulala sakafuni.

"Mem, unaongea na nani?" binti yake Nynke aliuliza kutoka jikoni.

"Na mtu wa Hamburg."

"Yuko kwenye simu?"

"Hapana. Ndiyo maana nasema ninachotaka."

Nynke alichungulia kwenye skrini. "Si alikukataa huyo? Si uchukue tu kazi yake uifanye yako?"

Mtoto hakujua alichogusa. Kwa watu wa kazi hii, jambo hilo lina ruhusa kamili. Kazi iliyofunguliwa kwa wote ni ya wote. Ukikataliwa mlangoni unaweza kuinakili yote, ukaipa jina jingine, ukaiendesha kivyako. Wanaita kuchepua. Lakini kuchepua ni sawa na kuhama kwa mumeo mchana, na kochi umebeba. Majirani huchagua upande. Kila mdudu wa programu utakayemkuta ni wako, kila anayekwama anakupigia wewe, na walioachwa hawakusamehi. Jildou alikuwa ametuma mabadiliko yake kwa Ansgar kwa adabu zote, mara ya tatu sasa, kwa sababu alitaka kuingia kwa mlango wa mbele.

"Kuna utaratibu," alimwambia Nynke.

"Mh," alisema Nynke, kwa mlio uleule ambao Jildou mwenyewe aliutumia mtu akimwambia upuuzi.

Siku ya mkutano upepo ulikuwa umekaza tangu asubuhi na mvua ilikuja kwa ubavu. Wakulima walikuwa wamejaa kwenye chumba kilicho kando ya zizi la Lolke Terpstra, wamevua viatu vya mbao mlangoni, wakinywa kahawa. Lolke alikuwa mwenyekiti wao: mrefu, masikio makubwa, mtu anayezungumza kama anayelipia kila neno isipokuwa anapotania.

"Haya binti," alimwambia Jildou, "umekuja na sabuni yako?"

"Nina miaka arobaini na moja, Lolke."

"Basi binti mkubwa. Kaa."

Duco van Walsum alizungumza kwanza. Alikuwa na picha nzuri ukutani na viatu vilivyoanza kujuta. Alisema masanduku meupe yangewaondolea wasiwasi wote. Alisema hivyo mara nyingi kiasi kwamba Baukje Dijkstra, mama mnene aliyefuga ng'ombe peke yake upande wa ziwa, alimkatiza.

"Kijana, wasiwasi wangu ni wangu. Swali ni likizima?"

"Halizimi, mama."

"Nilikuwa na mume aliyesema hivyo kuhusu trekta."

Walicheka, lakini Baukje hakucheka. Wakati wa zamu ya Jildou, alimkazia macho vilevile. Jildou hakuwa na picha. Alikuwa amekifunga kidude kwenye kisima cha Lolke, nyuma tu ya zizi, na kuweka laptopu juu ya pipa la maziwa ili kila mtu aone namba za maji zikiingia. Alikuwa amekiwekea mwendo wa haraka kwa ajili ya majaribio. Namba ikaja, ikafuata nyingine. Maji chini. Maji chini. Vizuri.

"Yote hayo ndani ya kidude kilekile cha zamani?" mtu mmoja aliuliza.

"Kilekile. Sijaongeza hata skrubu."

Sybren, aliyekuwa amesimama karibu na mlango kama mtu anayetaka kutoka wa kwanza, alianza kushusha mabega.

"Nina swali," alisema Duco kwa upole. "Upepo ukiangusha antena? Leo, kwa mfano?"

"Kidude kinatunza ujumbe mpaka antena irudi, halafu kinautuma."

"Tunaweza kuona?"

"Tunaweza," alisema Jildou, na Lolke akachomoa waya wa kipokezi cha redio kilichokuwa dirishani. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya jambo mpaka mwisho, akatoka nje akaizima na pampu pia. Mvua ile iliyokuwa ikishuka mitaroni ilihitaji muda wa kikombe kimoja cha kahawa tu. Waliokuwa karibu na dirisha la nyuma waliona maji ya kisima yakipanda, kahawia, yakifika ukingoni, yakianza kulamba matofali. Lolke alirudi na soksi zimelowa, akaacha alama sakafuni, akachomeka waya.

Kidude kikaamka. Namba zikaanza kuingia kwenye skrini.

Maji chini. Maji chini. Maji chini.

Chumba kizima kilitazama skrini, halafu soksi za Lolke, halafu skrini. Redio ile ilikuwa ya polepole. Ilichukua pumzi kati ya namba na namba. Maji chini. Pampu, ambayo Lolke alikuwa ameshairudisha kwenye mtambo wa kujiwasha yenyewe kwa habari za kidude, ilisikiliza skrini ikaona hakuna haja. Nje maji yalikuwa yakiingia kwenye njia ya ng'ombe.

"Kwa hiyo mimi nimejikojolea," alisema Lolke.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa, na hakikuwa na huruma. Duco hakucheka. Alitikisa kichwa tu, kwa masikitiko ya mtu aliyelishwa vizuri. Lolke akatoka kwenda kuiwasha pampu kwa mkono.

Jildou alihisi shingo ikiwaka. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeshashuka ndani ya kidude, kikihesabu vitanda. Vitanda kumi na viwili. Antena ilipokufa, vikajaa ujumbe wa kwanza, wa maji kuwa chini. Ujumbe wa maji kupanda ulipofika ulikuta hakuna kitanda, ukarudishwa mlangoni, ukapotea. Aliyetangulia ndiye mwenye haki. Foleni. Hiyo ilikuwa imani ya Reiger tangu mstari wa kwanza, imani ya Ansgar, imani ya kila mtu wa kwao aliyewahi kuchukua namba yake dukani na kumtazama vibaya anayepenya. Alikuwa amepekua karavani nzima, akatupa kila kitu, na hilo akaliacha kwa sababu lilionekana kuwa adabu.

"Jamani, niwieni radhi," Sybren alianza. "Tulijaribu. Kwa niaba ya kampuni naomba—"

"Usiniombee radhi," alisema Jildou.

"Jildou, inatosha. Funga mashine."

"Sifungi." Alikuwa ameshavuta kreti ya chupa akaikalia, laptopu mapajani. "Nimekosea. Nimeona nilipokosea. Nilikifundisha kidude kupanga foleni, na maji hayapangi foleni. Ya zamani yaondoke, mapya yaingie. Ni mistari michache. Baukje, kuna kahawa ya pili?"

"Ipo kila mara."

"Basi nipeni muda wa kahawa ya pili."

"Nadhani tumeona ya kutosha," alisema Duco.

"Wewe umeona. Wao hawajaona."

Sybren alikuja akainama karibu na sikio lake. "Unaniaibisha mbele ya wateja wangu."

"Mwenye aibu ni mimi, na sijakugawia. Simama kando, unanizibia mwanga."

Aliandika kwa vidole viwili vya kila mkono, kama kawaida yake. Vitanda vikijaa, anayetolewa ni aliyelala muda mrefu kuliko wote. Na antena ikirudi, wa kwanza kutoka ni aliyeingia mwisho. Ansgar angeona kizunguzungu. Akavaa viatu vya mbao vya mtu mwingine, akatoka mvuani na waya, akapiga magoti kwenye tope, akafungua mfuniko, akakimiminia kidude programu mpya. Aliporudi maji yalimchuruzika hadi kwenye soksi, na hakuna aliyekuwa anacheka sana.

"Lolke. Mara nyingine."

"Soksi zangu zimeshakufa, sina cha kupoteza," alisema Lolke, akachomoa waya, akazima pampu.

Wakangoja. Zizini ng'ombe walilia. Maji yakapanda tena, yakalamba tena matofali. Lolke akarudisha pampu kwenye mtambo wake, akaingia ndani, akachomeka waya.

Maji juu, ilisema skrini, kabla ya neno jingine lolote. Na huko nje pampu ikakohoa, ikakamata, ikaanza kunguruma.

Mtu mmoja alisema "Haya." Kwa watu wale huo ulikuwa wimbo wa taifa.

Duco akasimama. Sasa upole ulikuwa umempungua. "Nampongeza mama. Ila niwaulize, hii inasimamiwa na nani? Nimesoma baraza lao. Mwenye maktaba yenyewe ameikataa kazi hii hadharani. Ameviita vitasa vya milango. Ikiharibika Januari, mtampigia nani? Hamburg?"

Lilikuwa swali la haki, na hilo ndilo lililouma. Wote walimgeukia Jildou. Naye akagundua kwamba kwa miezi yote hiyo alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha mtu, kofia mkononi, akisubiri jibu la mtu ambaye hajawahi kulowana soksi.

Aligeuza laptopu ili waione. "Alichosema ni kweli. Amenikataa. Sasa tazameni." Akafungua ukurasa wa Reiger, mahali kazi yote inapotunzwa, akabonyeza kitufe ambacho kipo pale kwa kila mtu na ambacho watu wenye adabu hawakigusi. Mashine ikauliza jina. Akaandika: Kitasa.

"Umefanya nini?" Sybren aliuliza, ingawa alijua vizuri sana.

"Nimechepua. Kuanzia sasa hii si Reiger, na si ya Hamburg wala ya kampuni yoyote. Iko wazi. Kila mstari, mtu yeyote anaweza kusoma, kuchukua, kurekebisha. Mimi nikigongwa na basi kesho, mnamwajiri mwingine anaendelea. Mwulizeni bwana Duco kama ya kwake mnaweza kuisoma." Alivuta pumzi. "Na kwa Januari, mtanipigia mimi. Jina langu liko juu pale. Sina pengine pa kulificha."

"Kama una jina juu, tutakutukana wewe," alisema Lolke.

"Mnanitukana sasa hivi bila jina."

Lolke alikuna sikio. "Tupige kura. Nimelowa."

Mikono ya masanduku meupe iliinuliwa, michache lakini imara, na Baukje Dijkstra akiwa wa kwanza, kiganja kimekunjuliwa kama askari wa barabarani. Kisha ikainuliwa ya vidude vya zamani, mmoja hapa, miwili pale, mpaka haikuhitajika kuhesabu. Duco akaanza kukunja waya zake kwa utaratibu. Sybren alikuwa bado mlangoni. Alimtazama Jildou kwa uso wa mtu aliyeokolewa bila kutaka.

"Tutazungumza Jumatatu," alisema.

"Jumatatu niko visimani."

Sybren akaenda kutafuta koti lake.

Jildou alikuwa akikausha kibodi kwa pindo la sweta aliposikia viatu vya mbao vikija. Baukje alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Unaanza na kisima cha nani?"

"Nilifikiri cha Lolke, kisha niende kwa mpangilio wa barabara."

"Cha kwangu ndicho kilicho chini kuliko vyote."

"Mama, wewe umenipinga. Nimekuona. Ulikuwa wa kwanza."

"Nilikupinga, na kesho ukiniuliza nitakupinga tena. Maji yangu hayakupiga kura."

Jildou alitazama dirishani. Upande wa ziwa anga lilikuwa jeusi tii. Akafunga laptopu, akaisukuma ndani ya mfuko wa plastiki, akachukua waya.

"Nani atashika mwavuli?" aliuliza.

"Mwavuli!" alisema Baukje. "Twende."